Kuita Samaki Mbele ya Mkwe

Baba mkwe wangu alianza kuwa kiziwi mwaka ule ambao treni, kwa maneno yake, iliacha kupiga honi. Alilalamika kwelikweli. Alisema madereva wa siku hizi wanapita Ifakara kimyakimya kama wezi wa kuku, na kwamba ipo siku watagonga ng'ombe wa mtu. Sisi wengine honi tulikuwa tunaisikia vizuri tu, mpaka usingizi unatukatika, lakini nani angemwambia? Mke wangu alijaribu mara moja, akaambiwa aache kunong'ona.

"Siku hizi watu hamsemi," mzee alisema. "Mnapumua tu."

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, kabla ya zile mvua za El Nino. Nilikuwa na meza sokoni Ifakara, nauza vyombo vya plastiki: ndoo, mabeseni, vikombe, na chochote kingine ambacho lori la kutoka Dar es Salaam lilikuwa limekishusha. Nilizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa miwa, mahali ambapo kila nyumba ilitoka mkoa wake na kila mtu alikuwa na mila zake mfukoni. Nikaja kuoa binti wa Kindamba. Wazazi wake walikaa karibu na mto, upande wa kuelekea kivukoni: mwendo mfupi wa kupanda baiskeli kama mvua haijanyesha, na mwendo mrefu wa kuibeba baiskeli begani kama imenyesha.

Mtu akipoteza masikio hupoteza mazungumzo, na kwa mazungumzo mengi niliyoyasikia sokoni, hiyo si hasara ya kulilia. Baba mkwe alipoteza zaidi ya hapo. Alikuwa mvuvi wa ndoana, na uvuvi wake ulitegemea masikio kuliko mkono.

Ni lazima nieleze. Wavuvi wa nyavu pale mtoni walikuwa na kelele zao. Walitandaza wavu, kisha mmoja anapiga maji kwa mti kwa nguvu zake zote ili samaki wakimbie, wakikimbia wanaingia wavuni. Hiyo ni kelele ya kufukuza. Ya baba mkwe ilikuwa ya kuita. Alikuwa na kata ya kibuyu, kama ile ya kuchotea maji mtungini, ila mdomo wake aliukata mwenyewe na kuusugua mpaka ukawa laini. Aliifudikiza juu ya maji, akaipiga kidogo kwa kifundo cha mkono, akaivuta. Ikatoa mlio mzito, wa tumboni: tubwi. Ni mlio wa tunda la mkuyu likidondoka mtoni, au wa samaki mkubwa aliyekuja juu kulimeza. Alipiga mara mbili, labda tatu, halafu akanyamaza.

Kazi yenyewe ilianzia kwenye kule kunyamaza. Alisikiliza. Samaki akijibu, hujibu kwa kamlio kadogo, kama mtu anayevuta chai ya moto pembeni ya kikombe. Kwa mlio huo baba mkwe alijua yuko upande gani, ana mdomo mkubwa au mdogo, na ndoana yenye tunda la mkuyu aitupe wapi.

Mke wangu aliponieleza haya mara ya kwanza nilicheka, maana ilikuwa kazi yangu mwenyewe. Ukitaka mteja sokoni usimpigie kelele. Ukimpigia kelele anashika mfuko wake na kupita. Mteja huvutwa na mteja mwenzake. Akisikia watu wawili wanabishania beseni, anasogea aone ni beseni gani hilo linalogombewa. Siku ambazo wateja walikuwa wameadimika, nilimwomba jirani yangu wa meza ya viatu aje abishane nami kwa sauti, na yule bwana alibisha kwa ufundi mpaka mara nyingine nilikaribia kumpunguzia bei. Baba mkwe naye hakuwa anamwambia samaki njoo. Alikuwa anamjulisha kwamba kuna mwenzake tayari anakula.

Sasa mtu asiyeisikia kata yake mwenyewe atalipimaje pigo? Alianza kuzidisha. Akiona samaki hawaji anaongeza nguvu, na akiongeza nguvu samaki wanazidi kwenda zao. Watu wa nyavu waliokuwa chini kidogo ya mto walianza kumtania: "Mzee, piga hivyohivyo, sisi tunawapokea huku!" Hakuwasikia. Aliona tu midomo inacheka, akawapungia mkono kwa adabu. Jioni alirudi na kapu tupu, akisema mto umeharibika.

Mama mkwe hakuogopa kapu tupu. Aliogopa viboko. Ng'ambo ya ule mkuyu ambapo mumewe alivulia palikuwa na kina kirefu chenye matete, na viboko walishinda humo mchana kutwa. Mwenye masikio humsikia kiboko akipumua kabla hajamwona. Asiyesikia atamjua wanapokutana. Kwa hiyo mama mkwe alitaka mzee aache mto, na watoto wake wote wakamuunga mkono.

Mzee mwenyewe, alipoelezwa kwa ishara za mikono, alijibu kwamba wakimzuia mto basi wamchimbie na kaburi kabisa, asikae nyumbani bure akilingojea. Hakuwa anatafuta huruma. Shamba la mpunga wanawe walikuwa wameshalichukua, kwa wema wao. Baiskeli walikuwa wameshamnyang'anya, kwa wema wao pia, baada ya kugongwa na mbuzi ambaye hakumsikia akija. Kilichobaki ambacho alikiendea kwa miguu yake mwenyewe, bila kutumwa wala kusindikizwa, kilikuwa mto.

Ndipo familia ikaamua nitumwe mimi kwenda kutazama.

"Neno lako ndilo litakaloamua," mke wangu aliniambia.

"Kwa nini langu? Mimi hata kuogelea sijui."

"Kwa sababu wewe si mtoto wake. Sisi tukisema tunaambiwa tunamwonea. Halafu wewe unahesabu kila kitu mara mbili, hata vitunguu vya kuungia mboga. Nenda ukaihesabu na hatari."

Sikuona namna ya kukataa, lakini niliona tatizo moja. Kwa mila niliyoikuta pale, mkwe wa kiume ana mipaka yake mbele ya baba wa mkewe. Hamli sahani moja. Hukai naye bega kwa bega. Humgusi. Na juu ya yote humpazii sauti. Hata kumwita kwa mbali ni utovu wa adabu. Unasogea, unachuchumaa, unasema taratibu ukitazama chini. Mshenga wangu alinifundisha haya kabla ya ndoa kwa ukali kama anayenifundisha kuendesha lori. Kwa miaka kadhaa niliyafuata bila shida, kwa kuwa mzee alikuwa na masikio ya paka. Sasa mpigie hesabu mtu ambaye usipopiga kelele hakusikii, na ukipiga kelele umemtukana.

Nilifunga meza siku moja ya katikati ya wiki, siku ambayo hata inzi hawakuja kuuliza bei. Nilimkuta mzee uani anafunga mshipi kwenye mwanzi wake. Boya lake lilikuwa kipande cha kandambili. Nikachuchumaa.

"Shikamoo baba."

Aliisoma midomo. "Marahaba. Wamekutuma?"

Nikatazama chini. Mkwe akitazama chini anaweza kuwa anakubali, anakataa au anaona haya, na hiyo ndiyo faida pekee ya mila ile. Nikampa zawadi niliyomletea kutoka mezani kwangu, kikombe kikubwa cha plastiki chenye mpini imara, nikamwonyesha kwa ishara kwamba kinaweza kuchukua nafasi ya kata. Alikigeuza, akakichungulia ndani, akaenda kukipiga kwenye ndoo ya maji. Aliegemeza shavu kwenye ndoo wakati anapiga, kama anayeonja mlio kwa mfupa.

"Hiki kinalia kibafuni," alisema. "Samaki wakikisikia watajua kuna mtu anaoga, watageuka watazame pembeni kwa heshima. Kaa nacho, utanywea maji."

Tukaenda mtoni, yeye mbele, mimi nyuma nikibeba kapu.

Chini ya mkuyu palikuwa na gogo kubwa lililoanguka zamani, nusu yake nchi kavu, nusu imeingia mtoni. Alikaa upande wa maji. Nikakaa upande wa nchi kavu, katikati yetu pakabaki nafasi ya heshima ambayo ingetosha kulaza ng'ombe. Kabla ya jambo lolote niliwahesabu viboko. Walikuwa ng'ambo, kwenye matete, migongo kama mawe ya mtoni yaliyopakwa mafuta: watano. Nikahesabu upya: watano. Walikuwa mbali.

Mzee akapiga kata. Mungu wangu. Ndege waliokuwa juu ya mkuyu waliruka wote. Lilikuwa pigo la mtu anayepasua kuni. Akanyamaza, akainamisha kichwa upande, kama alivyokuwa amefanya maisha yake yote, akangoja jibu. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, uso umetulia kabisa, anausikiliza mto ambao ulikuwa umeshamfungia mlango. Mimi nilichosikia ni watu wa nyavu kule chini wakishangilia. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi.

Sikuwa na namna ya kumwambia. Kumsogelea ni kukaa bega kwa bega. Kupaza sauti ndiyo hivyo. Na hata kama ningeweza, ni mkwe gani anayemwambia baba wa mkewe kwamba kazi aliyoifanya tangu ujana sasa anaifanya vibaya? Nikatulia kama mzigo. Siafu wakaingia kwenye kikombe changu, nikakigonga kwenye gogo kuwakung'uta.

Mzee akageuka. "Nani anabisha hodi?"

Nikaganda. Nilipogonga alikuwa amenipa mgongo. Nikangoja ageukie maji, kisha nikagonga tena, kidogo tu, kwa ukingo wa kikombe.

"Wewe! Una nini na hilo gogo?"

Hapo nikaelewa. Mti ule ulikuwa unapeleka mtetemo wa mlio mpaka kwenye mifupa yake. Mzee alikuwa hana masikio kichwani, lakini alikuwa amekalia moja.

Akapiga kata kwa nguvu. Nikagonga gogo. Akanitazama kwa jicho la pembeni, akapiga tena vilevile. Nikagonga tena.

"Unanikosoa?"

Nikatazama chini, kimkwe kabisa.

Alifikiri. Alikuwa na kiburi, lakini hakuwa mjinga, na kapu lake lilikuwa tupu tangu muda mrefu. Pigo lililofuata lilikuwa dogo kidogo. Nikagonga, ila taratibu. La baada ya hapo likawa dogo zaidi, nikagonga taratibu zaidi. Tulipunguziana hivyo kama watu wawili wanaotafuta bei, huyu anashuka, yule anashuka, mpaka akapiga pigo moja la chini, zito, la mviringo: tubwi. Ilikuwa kama tunda limedondoka lenyewe kutoka mtini. Mikono yangu ikakaa kimya. Naye akajua kwamba kimya changu ndicho kukubaliana.

Akapiga mara mbili kwa kipimo hichohicho, akaacha. Tukanyamaza wote wawili, na safari hii aliyesikiliza nilikuwa mimi. Niseme ukweli, sikuwahi kusikiliza kitu namna ile. Sokoni nilikuwa nasikia kila kitu na sisikilizi chochote. Kwanza nikasikia maji yenyewe yanavyopita kwenye mizizi. Kisha kivuko kwa mbali. Kisha, karibu na mzizi wa kushoto, kamlio kale: chai ya moto, pembeni ya kikombe.

Mzee alikuwa amenigeukia. Hakuuliza. Nikanyoosha kikombe kuelekea kwenye ule mzizi. Akatupa.

Boya la kandambili lilizama kabla sijamaliza kupumua. Aliyetoka alikuwa ngogo, samaki mwenye miiba mitatu na ndevu, ambaye ukimtoa majini hulalamika kwa sauti, kro, kro, kama bawaba ya mlango. Si samaki wa kujivunia. Mzee alimshika kwa ustadi nyuma ya miiba, akamfumbata, akatulia. Yule ngogo alikuwa analia kiganjani mwake, na naona alikuwa anausikia mlio ule kwa vidole, maana uso wake ulibadilika.

"Huyu bado anasema," alisema. "Huyu anaongea kama watu wa zamani."

Tulipata wengine, perege na kitoga mmoja mzuri. Niliwahesabu kapuni mara mbili, na mara zote mbili walifurahisha. Nilikuwa nimeshaanza kuipanga ripoti yangu kichwani, jinsi nitakavyomlainisha mama mkwe taratibu, wakati ndoana ya mzee iliponasa kwenye mzizi chini ya maji. Alivuta, ikagoma. Akakunja suruali, akashuka kwenye gogo, akaingia mtoni. Magoti, kisha mapaja. Akainama akipapasa, amenipa mgongo.

Nikatazama ng'ambo kwa mazoea tu. Wanne.

Nikahesabu upya: wanne.

Mfanyabiashara akihesabu mali na moja ikapungua, anajua iko sehemu mbili, ama chini ya meza ama kwenye kikapu cha mtu. Chini ya meza hii palikuwa na maji ya kahawia, na ndani yake alisimama baba wa mke wangu.

Nikagonga gogo. Hakuwa amelikalia. Nikaita, "Baba!" kwa sauti yote ya sokoni, utovu ule wa adabu ukapotea hewani, mwenyewe haukumfikia. Mawe hayakuwapo, palikuwa na matope matupu. Kumkimbilia kungekuwa kuingia na mimi kwenye maji, mimi nisiyejua kuogelea, tuwe wawili wa kutafutwa. Mkononi nilikuwa na kikombe.

Nikaruka mpaka ukingoni, nikapiga nacho maji. Nilipiga kama mtu wa nyavu, kama mwendawazimu, pa! pa! pa! bila kupumzika, kelele ya kufukuza yenyewe, mpaka matope yakanijaa usoni. Maji nayo hupeleka habari kama gogo. Yakampelekea mzee kwenye mapaja yake habari kwamba kuna mpumbavu anaharibu mto.

Akageuka, macho yamewaka.

"Acha! Acha we! Unawafukuza mpaka Rufiji!"

Nikazidi kupiga.

"Nimekwambia acha! Hicho kikombe chako cha bafuni! Mkwe gani wewe? Mkwe gani?"

Akaunyanyua mwanzi, akaja. Alikuja kunichapa, sina shaka hata kidogo, na sijawahi kumfurahia mtu anayekuja kunichapa kama nilivyomfurahia yeye. Alipanda ukingo akiteleza, mwanzi uko juu, mshipi umekatika unaning'inia. Nilirudi nyuma nikipiga magoti, na kwa kikombe nikaonyesha alikotoka.

Akatazama.

Pale aliposimama maji yalivimba. Yakatoka matundu mawili ya pua, kisha masikio madogo yakajikung'uta, na pumzi ikatoka kama tairi la lori linalotolewa upepo. Wa tano. Alitutazama sote wawili kwa muda, bila haraka, kama mteja ambaye hakuona alichokitaka. Kisha akazama, na mkunjo wa maji ukarudi ng'ambo.

Mzee aliushusha mwanzi. Alikaa chini palepale kwenye matope, mbali na maji.

"Umepiga vibaya," alisema.

Nikatazama chini.

"Vibaya sana. Hakuna samaki atakayerudi leo." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo yeye mwenyewe hakujua kama ni ndogo: "Utasema nyumbani?"

Sikutazama chini. Nilimtazama usoni, jambo ambalo mshenga wangu asingelipenda, nikaitikia kwa kichwa.

"Haya. Sema," akasema. "Lakini sema yote. Usiseme kiboko peke yake."

Baraza lilikaa uani jioni ileile, jua bado lipo. Kwa mama mkwe mipaka ni mikali zaidi kuliko kwa baba mkwe: hutakiwi hata kutazamana naye. Kwa hiyo yeye alikaa ndani ya jiko, nyuma ya khanga iliyotundikwa mlangoni, mimi nikakaa kwenye kinu kilicholazwa, na mke wangu akasimama katikati kama mkalimani wa watu wa lugha moja. Mzee alikaa kwenye benchi upande wa pili, mwanzi magotini, akitazama midomo yetu inavyokwenda. Alijua kesi ni yake.

Nilisema yote. Gogo, kugonga, ngogo, kitoga, na kiboko.

"Mwambie mkwe nimemsikia kiboko," sauti ilitoka jikoni. "Hao wengine sijawasikia."

"Mama anasema..." mke wangu alianza.

"Mwambie mama," nikasema, "kiboko alikuja baada ya mzee kushuka kwenye gogo. Juu ya gogo ana masikio. Mimi nitakuwa nahesabu viboko. Ndoana ikinasa, mshipi unakatwa, hashuki. Ndoana nyingine nitaleta mimi."

"Mwambie mkwe, na huyo wa kugonga gogo ni nani?"

Mke wangu alinigeukia. Watoto wa jirani waliokuwa wanapita walinigeukia. Nadhani hata kuku.

"Mimi," nikasema. "Siku nitakazopata nafasi."

"Mwambie ataje siku."

"Jumanne." Ni siku ambayo hata inzi hawaji kuuliza bei.

"Jumanne mimi nipo hapahapa, nina macho yangu, hatoki mtu. Jumamosi ndiyo navuka kwenda kuuza mchele gulioni Lupiro. Nyumba inabaki tupu. Jumamosi ndiyo siku anayotoroka."

Jumamosi ilikuwa moyo wa biashara yangu. Watu walitoka Idete, walitoka mpaka Mbingu, wakaja mjini kununua vitu vya wiki nzima. Jumamosi nilikuwa nauza kuliko siku nyingine zote zikiunganishwa.

"Mwambie mama, Jumapili baada ya misa."

"Jumapili wanawe wote wamejaa hapa wanakula. Watamchunga wao. Jumamosi."

"Basi Jumamosi moja, nyingine napumzika. Moja ndiyo, moja hapana."

Khanga ikatikisika kidogo.

"Mwambie mkwe aniulizie kwa kiboko," mama mkwe alisema, "kama na yeye anakuja Jumamosi moja, nyingine anapumzika."

Mke wangu hakuitafsiri hiyo. Aligeuka pembeni akajifuta macho na pindo la nguo, na mabega yalikuwa yanamcheza. Nimebishana na wachuuzi wa Kariakoo, nimebishana na makondakta, lakini ile ilikuwa mara ya kwanza kushindwa bei na mtu ambaye sijamwona uso. Nikakubali Jumamosi, zote.

Mzee aliona midomo yetu imeacha kwenda. Akatutazama mmoja mmoja.

"Nimehukumiwa nini?"

Hakuna aliyeweza kumjibu bila kupiga kelele, na hakuna aliyetaka jambo lile lipigiwe kelele. Mke wangu akaanza kunyoosha mikono, kuonyesha mto, kuonyesha gogo, kunionyesha mimi, akamvuruga zaidi. Ndipo nikainuka kwenye kinu. Nikaenda kuchuchumaa mwisho wa benchi alilokalia, mbali kadiri benchi lilivyoruhusu, nikatoa kikombe. Nikagonga ubao: mara mbili, taratibu, kwa kile kipimo tulichokubaliana. Kisha nikanyamaza.

Alisikiliza kwa mifupa. Halafu akaupeleka mkono chini ya benchi bila kutazama, akaipapasa kata yake, akaiweka magotini juu ya mwanzi.

"Aje mapema," alimwambia mke wangu, kama vile mimi sipo. "Na hicho kikombe asikiguse majini tena."

Jumamosi iliyofuata nilimwachia meza jirani yangu wa viatu. Alisema hana shida, atabishana na nafsi yake. Njiani kwenda mtoni nilikutana na wateja wangu wa Idete wamejaa kwenye baiskeli, wakanipigia kengele, wakaniuliza kama nimefilisika. Nikawaambia nimepata kazi ya pili. Moyo uliniuma kuwaona wanapita, wala sitajifanya haukuuma.

Lakini nilipofika, mzee alikuwa ameshakaa. Mkuyu ulikuwa umedondosha matunda mengi usiku, ukingo wote unanukia. Alikuwa kwenye mwisho wake wa gogo, miguu ameipandisha juu, kata imefudikizwa inchi moja juu ya maji, mkono umesimama. Hakupiga. Hakugeuka pia. Alinisikia nilipokaa, mti ulimwambia, lakini bado hakupiga. Alikuwa ananingoja nifanye kazi yangu.

Nikatazama ng'ambo. Watano. Nikahesabu upya, kwa kidole, mmoja mmoja: watano.

Nikagonga gogo mara moja.

Tubwi, ikasema kata. Tubwi. Kisha tukanyamaza wote wawili.